Komwe la Bi Harusi

Aliyekosa gazeti la juma lililopita, au aliyefungiwa samaki kwalo kabla hajalisoma, asihofu. Gari letu lina nafasi, na nitamrudisha njiani kwa maneno machache.

Anjana, binti wa muuza vitambaa wa Lamu, aliolewa Malindi na Anantrai, kijana mwenye duka lake na kichwa kilichojaa picha za magazeti ya Ulaya. Humo aliona kwamba maharusi wa huko hupanda gari la farasi wakazuru miji ya kale na ngome za wafalme. Akaapa kwamba naye atafanya vivyo hivyo. Hii ilikuwa kabla ya vita vya Mjerumani, wakati walowezi waliopanda mpira walipokuwa wakifilisika mmoja baada ya mwingine, basi akanunua gari la nyumbu la mmoja wao, akalipaka rangi ya kijani, akalitia pazia. "Tutaona magofu ya Gedi," alimwambia mkewe, "tutaona Mnarani, tutafika Mombasa tuione ngome ya Wareno." Mji mzima ulicheka. Fungate hukaliwa ndani, walisema, hii ya magurudumu itaishia mtaroni.

Gari lilipokuwa likiondoka, Motiben, mama yake Anantrai, akapanda. Hakualikwa. Alikuja na sanduku lake, mtungi wake wa achari na mto wake wa kukalia, akajipachika katikati ya maharusi, na hapo ndipo alipokaa tangu siku hiyo.

Sababu alikuwa nayo. Kwa mila yao, siku ya harusi bibi na bwana hufungwa kila mmoja kokwa kavu mkononi kwa uzi mwekundu. Kokwa hilo huitwa mindhal. Nyumba ya Motiben haikulifungua ila hekaluni, mke amfungue mume na mume amfungue mke, na hekalu lao lilikuwa Mombasa. Mpaka wafike, maharusi wasilale mkeka mmoja wala wasishikane mikono. Kwenda kwa meli Motiben hakutaka hata kusikia. Na alikuwa na kisa alichokirudia kutwa: palikuwa na bi harusi mmoja, kokwa lake likapotea njiani, akarudishwa kwao hata hina haijafutika.

Tulimwacha Anjana kule Gedi, mchana, akizinduka katika homa chini ya ukuta wa jumba la kale, akiupapasa mkono wake wa kushoto. Mkono ulikuwa mtupu.

Hakupiga kelele. Mavyaa alikuwa hatua chache tu, upande wa pili wa ukuta, akikoroma.

"Mama Kahonzi," akanong'ona. "Mama Kahonzi, njoo!"

Kahonzi alikuwa mama wa Kigiriama, dada yake Tsuma mwendesha gari. Alichukuliwa kuteka maji na kuwasaidia wanawake safarini. Alikuja mbio, uso umemkunjuka kwa furaha.

"Waamka, mwanangu? Mulungu ni mkubwa! Nilijua itashuka. Nimeikata ile pingu."

"Pingu gani?"

"Ile ya mkononi. Mganga aliyekufunga hajui kazi, mwanangu, usimrudie tena. Dawa iko mkononi na homa ndiyo kwanza yapanda! Kwetu pingu ikishindwa na ugonjwa hukatwa, la sivyo ugonjwa huigeuza nyumba yake. Nikakuacha ulale, nikaikata polepole kwa kisu."

"Iko wapi?"

"Kisimani. Kile kisima kirefu cha gofuni. Pingu iliyokatwa haiwekwi."

Anjana alijifunika uso kwa sari akalia bila sauti. Alipoweza kusema alimweleza lile kokwa lilikuwa nini, na kisa cha yule bi harusi aliyerudishwa. Kahonzi alisikiliza mkono ukiwa mdomoni.

"Mayo wee! Kumbe nimetupa ndoa ya watu kisimani!"

"Polepole, atasikia."

"Na yule mama akijua?"

"Nitarudishwa Lamu. Nitakaa kwenye baraza ya baba yangu, watu wapite wanionyeshe kidole." Kisha akasema neno ambalo hakuwa amemwambia mtu. "Nami nampenda yeye, mama. Sikutazamia kumpenda, lakini nampenda."

Yeye, maana jina la mume mke hakulitaja. Hiyo nayo ilikuwa mila, na Motiben aliilinda kuliko sanduku lake. Mke akitaja jina la mumewe, alisema, humpunguzia umri. Tangu harusi Anjana alimwita Anantrai "huyu" na "mwenyewe", na alipomtaka ageuke alikohoa. Njia nzima Tsuma alidhani bi harusi ana kifua.

Kahonzi hakukaa kulia. Aliyeharibu ndiye atakayetengeneza, alisema, akaenda kwenye mfuko wa kaka yake. Tsuma hakusafiri bila makomwe yake ya bao. Dada akachagua moja.

"Moja halitamnyima ushindi," akasema. "Hashindi hata yakitimia."

Akalitoboa kwa msumari uliotiwa motoni, akachomoa uzi mwekundu kwenye leso yake ya kishutu, akamfunga Anjana. Kokwa la mindhal lina rangi ya kahawia na makunyanzi. Komwe ni la kijivu tena laini. Lakini chini ya sari, kwa jicho lisilochungua, lilipita.

Gari likaondoka, na Anjana akaanza safari ya kuficha mkono. Alikula kwa mmoja, akajipepea kwa mmoja, akajishikiza kwa mmoja magurudumu yalipoingia mashimoni.

"Hiyo homa imekuachia baridi ya mkono mmoja?" aliuliza Motiben.

"Kidogo tu, Ba."

Ba ni mama kwa lugha yao. Motiben alikuwa na Kigujarati cha kuombea na Kiswahili cha kugombea, na katika safari hii Kiswahili ndicho kilichofanya kazi.

Anantrai hakuona neno. Alikuwa akieleza magofu waliyoyaacha nyuma, kuta zilizojengwa kwa matumbawe, visima, vyoo vilivyokuwa ndani ya nyumba enzi ambazo hata babu za babu zetu hawakuzijua. Aliyaeleza akiwa ndani ya koti jeusi la harusi lenye mikono iliyofika kwenye vidole. Jua la Kilifi unalijua, msomaji. Jasho lilimtiririka mpaka miwani ikateleza puani, lakini koti halikutoka. Hata kunawa alikwenda kunawa nyuma ya gari.

Anjana alidhani ni heshima. Moyoni alimcheka kidogo, akampenda zaidi.

Walipopumzisha nyumbu, mama mtu akasinzia kwa mara ya kwanza tangu Gedi. Anantrai akazunguka gari, akampenyezea mkewe dafu chini ya pazia.

"Unywe. Homa hukausha mwili. Tukifika ngomeni nitakuonyesha mizinga."

"Si hiyo ngome imekuwa gereza?"

"Kuta ni zilezile. Tutatazama kuta."

Anjana akacheka. Hapo alikuwa karibu sana kumwambia. Alikwisha kukohoa, alikwisha kufungua kinywa, lakini Anantrai akamtangulia.

"Anjana, kuna jambo ambalo ningetaka ulijue kabla hatujafika majini."

"Hata mimi lipo."

"Basi anza wewe."

"Hakuna wa kuanza," sauti ya Motiben ikatoka garini. "Nyumbu wamekwisha kunywa."

Lau angesinzia kidogo tu zaidi, nisingekuwa na kisa cha kuwasimulia leo. Walipanda kila mmoja na siri yake, na mto wa Motiben katikati.

Walipita Kibarani, ile ya Kilifi, asubuhi ya siku iliyofuata, wakateremka mpaka kivukoni. Hapo hori ya Kilifi, mkono wa bahari uingiao bara, inawatenganisha watu na Mnarani, na gari halivuki. Tsuma akawafungua nyumbu. Ng'ambo walikwisha kuagiza gari jingine, na paa lake lilionekana chini ya miti. Juu yake, kilimani, magofu ambayo Anantrai aliyaota usiku na mchana.

Mwambire, mwenye mashua ya kuvushia, alikuwa tayari na makasia.

"Karibuni, maharusi. Maji yamejaa vizuri. Yakianza kurudi mkondo huwa mkali, kwa hiyo tusikawie."

Motiben akashuka na nazi ya kuyatupia maji sadaka. Anjana hakuwahi kumwona vile. Mama aliyemgombeza kila mtu tangu Malindi alikuwa ameikumbatia nazi kama mtoto, macho hayaachi maji.

"Nipe mkono," akamwambia Anjana.

"Upi, Ba?"

"Wenye uzi."

Anjana akautoa kidogo tu, kokwa lichungulie. Motiben hakutaka kulichungulia. Alilishika, akalifinya, akalisugua kwa kidole gumba. Kisha akaupandisha mkono wa mkwewe juu, juani, mbele ya watu wote.

"Hili ni komwe! Komwe la bao! Mwanangu ameoa au amekaa barazani kucheza bao?"

"Ala!" akasema Tsuma. "Ndilo nililokuwa nikilitafuta!"

Dada yake akamkanyaga mguu, lakini ilikuwa imechelewa.

"Mtukane mimi, mama," Kahonzi akasema. "Mimi ndiye niliyelikata lile lake. Nilidhani ni uganga. Mtoto alikuwa anaungua na homa, na wewe ulikuwa umelala."

"Liko wapi?"

"Kisimani Gedi."

Anjana akapiga magoti kwenye matope, sari na yote. "Nisamehe, Ba. Niliogopa kusema. Nifunge jingine hukohuko hekaluni, nifanye toba yoyote utakayo, lakini usinirudishe."

Alitazamia matusi. Alikuwa tayari kwa matusi. Lakini Motiben hakutukana. Alikaa palepale matopeni na nazi mapajani, akaanza kutikisa kichwa.

"Tsuma, wafunge nyumbu. Tunarudi. Havuki mtu hapa. Huyu atapelekwa Lamu kwa baba yake."

"Ba, hekalu liko..."

"Nani amezungumza habari ya hekalu? Nimesema havuki mtu!"

Hapo ndipo Anantrai alipofungua vifungo vya koti lake. Kimoja baada ya kingine, mpaka cha mwisho. Akalivua, akalitupa garini, akaupandisha mkono wa shati lake wa kulia.

Hapakuwa na kokwa wala uzi. Palikuwa na alama nyembamba tu ya mahali uzi ulipokuwa.

"Basi nirudishe na mimi, Ba," akasema.

Anjana aliutazama ule mkono. Uzi wa bwana harusi hufunguliwa na mwanamke. Mke wake ndiye yeye, naye hakuufungua. Basi yuko mwingine! Kumbe lile koti, kule kunawa nyuma ya gari, lile jambo la kuambiwa kabla ya maji, yote yalikuwa hayo. Aliona wivu mchungu, wivu wa kumfanya mtu ang'oe nywele zake.

"Ni nani?" akauliza. "Niambie ni nani aliyekufungua. Nina haki ya kumjua."

Wivu wake haukukosea sana, maana mwanamke alikuwapo kweli. Ila Anantrai hakuhitaji kumtaja jina. Aligeuka tu akamtazama, na mwanamke mwenyewe alikuwa ameketi matopeni na nazi mapajani.

"Ba?" akasema Anjana.

"Usiku uleule wa harusi," Anantrai akajibu. "Alikuja akilia, nikashindwa na machozi yake. Sema naye, Ba. Mwambie habari ya Chimanlal."

Jina hilo Anjana alilijua. Chimanlal alikuwa kaka mkubwa wa mumewe, na Anjana aliambiwa kwamba alikufa kwa homa.

"Hakuna homa iliyomuua," akasema Anantrai, maana mama yake alikuwa ameiinamia nazi yake. "Alikufa hapa. Alikuwa bwana harusi, anakwenda hekaluni na mkewe, uzi mkononi. Mashua ilipinduka hapa unapoona. Mke akaokolewa. Chimanlal hakuonekana mpaka maji yaliporudi."

"Na yule mke?"

"Alipelekwa kwao. Ndiye bi harusi wa kile kisa cha Ba. Hakupoteza kokwa, Anjana. Kokwa lake lilikuwa mkononi mpaka siku aliyorudishwa. Alichopoteza ni mume."

Mwambire akavua kofia. Kumbe naye aliikumbuka siku ile.

Motiben akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo, tena ya mtu mwingine kabisa. "Walikuwa na uzi wote wawili, na maji yakamchagua wangu. Nina mmoja aliyebaki. Nikasema safari hii mwenye uzi awe mmoja tu. Maji yakitaka bwana harusi yasimtambue. Yakitaka kuchukua mtu, yamchukue aliyefungwa."

Anjana aliyaweka maneno pamoja polepole. Kile kisa cha kokwa kurudiwa kutwa. Mkono wake kutafutwa kabla ya kupanda mashua. Alidhani analindiwa ndoa yake.

"Aliyefungwa ni mimi," akasema. "Kwa hiyo nilikuwa chambo."

"Wewe una ndugu. Baba yako ana watoto wengine."

"Chambo, Ba. Umenivisha dhahabu, ukanitia hina, ukanileta majini kama dagaa kwenye ndoana."

Motiben hakukana. Hilo ndilo lililomuuma Anjana kuliko yote, na hata mimi nisimuliaye, niliyekuwa na hasira na mama huyu tangu alipopanda na mtungi wake wa achari, hapa nashindwa kujua nimhurumie nani kwanza.

Anjana akamgeukia mumewe. "Na huyu, alijua?"

"Nilijua wangu umefunguliwa. Wako kwa nini umeachwa, naapa sikujua. Sikuuliza. Ningeuliza."

"Ndiyo, ilikupasa kuuliza."

"Ilinipasa."

Mwambire alikuwa akiutazama ukingo wa maji. "Jamani, poleni sana kwa yaliyowapata. Lakini maji yanaanza kurudi. Mwenye kuvuka avuke sasa, mkondo haungojei harusi."

Anjana akasimama. Matope yalikuwa yamemfika magotini. Akaukata uzi wa kishutu kwa meno, akamrudishia Tsuma komwe lake kwa adabu, mikono miwili, kisha akaingia majini akapanda mashua. Maji aliyaogopa sasa, kama ambavyo mwenye akili yeyote angeyaogopa.

"Waenda wapi?" Motiben akapiga kelele.

"Hekaluni. Niliolewa, Ba, sikutolewa kafara. Anayenitaka atanikuta Mombasa."

Kahonzi akafunga leso yake kiunoni, akapanda nyuma yake. "Ndoa yake nimeitupa mimi," akamwambia kaka yake. "Siwezi kumwacha aende peke yake kuitafuta."

Mwambire akasukuma. Mashua ikaachana na mchanga.

Anantrai akapiga hatua moja majini, na hapo mama yake akamrukia. Akamshika ule mkono mtupu kwa mikono yake yote miwili, palepale alipoufungua uzi usiku wa harusi, akang'ang'ania.

"Nimekwisha kumtoa mmoja hapa! Usinifanyie hivi, baba. Mwache aende, nitakutafutia mwingine, nitakutafutia mzuri kuliko huyu!"

"Niachie, Ba."

"Sikuachii. Nikate mikono."

Naye Anantrai hakuwa mwana wa kumsukuma mama yake matopeni. Akasimama hivyo, maji yamemfika magotini, kichwa kinageuka huku na huku. Mashua ilikuwa imepita urefu wa gari na nyumbu wake. Makasia yakachota.

Anjana alikohoa.

Akakohoa tena, kwa nguvu. Anantrai akainua uso, lakini hakusogea.

Basi Anjana akasimama katikati ya mashua, Kahonzi akimshika kiuno asianguke, akaivuta sari ikamwanguka mabegani, akaita kwa sauti iliyofika mpaka ng'ambo ya Mnarani, mbele ya mavyaa, mbele ya mwenye mashua na wapita njia wote.

"Anantrai! Anantrai!"

Tsuma akaangusha komwe lake. Motiben akapiga ukelele kama aliyemwagiwa maji ya moto, maana umri wa mwanawe wa mwisho ulikuwa ukipunguzwa mbele ya macho yake, na bila hata kufikiri akafanya lile ambalo mama yake alimfundisha kufanya tangu utotoni mke akilitaja jina la mumewe. Akaziba masikio.

Kuziba masikio kunataka mikono miwili.

Anantrai akautazama mkono wake, ambao sasa haukushikwa na mtu. Mashua ilikuwa ikizidi kwenda.